Daladala za Kilombero–Tengeru: nauli ni moja, saa si moja

Tathmini hii inahusu huduma ya daladala kati ya stendi ya Kilombero, jijini Arusha, na Tengeru, njia ninayoitegemea kwenda kazini na kurudi nyumbani. Kila ninapowasikia watu wakiijadili, huijadili kama huduma moja inayostahili sifa moja au lawama moja kutwa nzima. Anayesafiri saa 5 asubuhi kwenda kumwona mgonjwa Hospitali ya Mount Meru husema daladala za Tengeru hazina shida yoyote, na anayetoka ofisini saa 11 jioni husema hazifai kabisa, na wote wawili wanasema kweli. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule na nauli halali ni ileile, lakini anachopata abiria kwa fedha yake kinabadilika kulingana na saa, kiasi kwamba haiwezekani kuipa njia hii alama moja. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sisi wa Arusha tunalipa nauli ya saa za msongamano kila siku ya kazi, kama wanavyolipa abiria wa reli za mijini huko ng'ambo, isipokuwa ya kwetu haijaandikwa kwenye ubao wowote.

Nianze na saa za utulivu, kwa sababu huduma hii ina sifa zake na ni haki zitajwe. Kuanzia kama saa 3:30 asubuhi hadi saa 8 mchana, haisi, yaani vibasi vya njia hii, za Tengeru na zile zinazopitiliza hadi Usa River ni usafiri wa kuridhisha kabisa. Unapata kiti kizima, na dirisha unalifungua upendavyo. Konda ana nafasi ya kumpokea bibi kikapu chake, kukipanga nyuma ya kiti cha mwisho na kumwambia, "Bibi, kaa hapa karibu na mlango, utashuka vizuri." Mgeni akimwambia anashuka Shangarai na hapajui, atakumbushwa kabla ya kituo. Tangu ilipokamilika barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1, gari likishavuka vituo vya Sanawari na Philips hukimbia vizuri, na mwendo uliobaki huwa mfupi kuliko watu wa zamani wa njia hii wanavyoukumbuka. Kwa masafa mafupi, saa hizo, konda wengi hukubali hata pungufu ya nauli, jambo ambalo sheria hailikatazi, kwa kuwa nauli zinazotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ni kikomo cha juu na mwenye gari anaruhusiwa kutoza chini yake. Kwa saa hizi natoa nyota nne kati ya tano bila kusita.

Nyota ya tano inazuiwa na kusubiri. Gari la Kilombero haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa, na mchana kujaa kunachukua muda. Mpiga debe huita "Tengeru, Usa, bado wawili!" hali viti vingi ndani ni vitupu, na pengine baadhi ya waliokaa ni vijana wa stendi waliowekwa hapo ili gari lionekane linakaribia kuondoka, ambao huteremka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Hapa ndipo tofauti ya kwanza kati ya daladala na treni ya mjini inapoonekana wazi. Treni huondoka kwa ratiba hata kama behewa lina watu watatu, na hasara ya viti vitupu hubebwa na shirika la reli au na serikali inayolifadhili. Kwetu hasara hiyo hubebwa na abiria aliyekwisha kaa ndani, kwa dakika zake. Kwa hiyo hata mchana nauli ya shilingi 700 si gharama yote ya safari. Sehemu nyingine umeilipa kwa kusubiri. Asiye na mzigo mzito afadhali atembee au achukue gari la njia nyingine hadi Sanawari au Philips, asimame kituoni hapo, na kuyadaka magari yaliyokwisha anza safari.

Asubuhi mambo ni mengine. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30, shule nyingi huwataka wanafunzi mapema zaidi ya hapo, wenye meza katika soko la Kilombero wanataka kuwahi mzigo, na wote hao wanahitaji kuingia mjini ndani ya muda uleule mfupi, takriban kati ya saa 12:15 na saa 2:00. Magari yanayotoka Usa River hujaa tangu Leganga na Makumira. Anayesubiri Tengeru huyaona yakipita mfululizo, konda akitikisa kiganja nje ya dirisha kuonyesha kuwa hakuna nafasi, na lile linalosimama husimama kwa ajili ya watu wawili kati ya ishirini. Ndani, benchi la watatu limekaliwa na wanne. Waliokosa kiti wamejikunja chini ya paa la haisi, mgongo umepinda na shingo imeinama juu ya kichwa cha aliyekaa, kwa sababu gari hili halikutengenezwa ili mtu mzima asimame ndani yake. Konda ananing'inia mlangoni, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole vya mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukingo wa paa. Hata hivyo nitakuwa mkweli: asubuhi gari linakufikisha unakokwenda. Magari yote yanaelekea mjini, mjini ndiko abiria wote waliko na haja, na dereva hana sababu ya kugeuzia njiani. Nyota tatu, na ninazitoa kwa sababu ya uhakika wa kufika, si kwa hali ya safari yenyewe.

Jioni ndiyo inayonifanya niandike. Kuanzia saa 10 hivi hadi saa 1 usiku, magari yaleyale yaliyobandikwa Tengeru mbele ya kioo huanza kuitia vituo vya njiani, kabla ya Tengeru. Utasikia "Kimandolu mwisho!" au "Ngulelo mwisho!" na abiria wa Tengeru, ambao ndio wengi kwenye kituo, hubaki wakitazamana. Wengine huingia hivyohivyo kwa kuhofia kwamba gari lijalo litakuwa hivyohivyo. Mbaya zaidi ni lile gari linaloitia Tengeru, likakusanya watu wa Tengeru, na likifika Ngulelo likaingia pembeni ya barabara. Konda hugonga ubavu wa gari mara mbili na kusema, "Jamani tunageuzia hapa, mama naomba mshuke, gari lina hitilafu." Watu huteremka na mizigo yao gizani. Muda si mrefu gari hilohilo lenye hitilafu huonekana upande wa pili wa barabara likirudi mjini kwa kasi. Nimekuwa miongoni mwa walioteremshwa hivyo, nikiwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya mboga, na konda hakurudisha hata shilingi mia kwa yeyote aliyekwisha lipa.

Tupige hesabu ya kitendo hicho. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, LATRA ilipanga safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 iwe shilingi 600 na ya kilomita 11 hadi 15 iwe shilingi 700. Abiria wa Tengeru anayetoka Kilombero yuko kwenye kundi la pili, kwa hiyo haki yake ni 700. Akishushwa Ngulelo baada ya kulipa, atapanda gari jingine ambalo nalo litamtoza 600, kwa kuwa ndiyo nauli ya chini kabisa ya mtu mzima. Jioni hiyo safari ya 700 imekuwa ya 1,300, karibu mara mbili, bila tangazo, bila mkutano wa wadau na bila risiti. Ndiyo nauli ya msongamano ninayoizungumzia. Masharti ya leseni ya njia yanamtaka dereva afike mwisho wa njia aliyopangiwa, na kukatisha ruti ni kosa ambalo kila konda analijua kwa jina hilohilo, lakini saa 12 jioni kosa hilo ndilo utaratibu.

Kuna njia ya pili ya kulipa nauli hii, nayo ni kugeuza na gari. Abiria aliyeko Sanawari au Philips, akiona magari yote yanakuja yamejaa, huvuka barabara, hupanda gari linalokwenda Kilombero, hulipa nauli, na kubaki kitini hadi gari ligeuze na kuanza safari ya Tengeru, ambapo hulipa tena. Amelipa mara mbili ili apate kiti kimoja. Wanaofanya hivyo si matajiri. Ni wajawazito, ni wazee wenye magoti mabovu, ni watu waliosimama kazini kutwa nzima ambao hawawezi kusimama tena wakiwa wamejikunja. Nimekaa na mzee mmoja aliyeniambia kwamba jioni kwake nauli ya Tengeru ni 1,300 siku zote na ameshaacha kuihesabu kama ni ya ziada. Kauli yake ilinisikitisha kuliko msongamano wenyewe.

Na kuna wanaotozwa kwa kukataliwa. Mwanafunzi hulipa shilingi 200, na mchana konda humpokea bila neno. Jioni kila mwanafunzi anayekaa kwenye kiti ni shilingi 500 zilizopotea machoni pa konda, hivyo mlango unawekewa mkono, na mtoto mwenye sare huambiwa, "Dogo, subiri linalofuata." Linalofuata nalo husema hivyohivyo. Watoto wanaosoma mjini na kuishi Shangarai au Tengeru huwa wa mwisho kuondoka kituoni, na wasichana wa sekondari hufika nyumbani usiku. Katika mambo yote ya njia hii, hili ndilo ambalo siwezi kulitafutia utetezi wowote, hata nikijaribu kukaa upande wa dereva.

Upande wa dereva upo, na haki inataka usikilizwe. Wengi wao hawamiliki gari wanaloliendesha. Kila siku wanatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu, kiasi kilichokubaliwa ambacho hakipungui kwa sababu mchana ulikuwa mkavu, na mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho mshahara wa dereva na konda. Sasa tazama jioni ilivyo kwao: gari linalotoka mjini limejaa hadi mlangoni, lakini linaporudi kutoka Tengeru kuja mjini halina mtu, kwa kuwa saa hizo hakuna anayeingia mjini. Safari kamili ina maana ya kwenda na fedha na kurudi na upepo. Akigeuzia Ngulelo, amefupisha ule upande mtupu, amerudi Philips mapema, na kwa muda wa safari moja kamili amefanya mbili. Anavunja sheria, na anamwumiza abiria, lakini anafanya kile ambacho mfumo wa hesabu unamlipa ili akifanye.

Tatizo hilo la upande mmoja kujaa na upande mwingine kuwa mtupu si la Arusha peke yake. Ni tatizo la kila usafiri wa mjini, na reli zimepambana nalo muda mrefu kuliko sisi. Reli ya abiria wa kila siku hununua mabehewa, hujenga majukwaa na kuajiri wafanyakazi kwa kipimo cha saa chache za asubuhi na chache za jioni. Katikati ya mchana sehemu ya treni hizo hulala karakana, na bado gharama yake inaendelea kuhesabiwa. Mwaka 1952 mwanauchumi William Vickrey alipendekeza kwamba nauli ya treni za chini ya ardhi za New York iwe ya juu saa za msongamano na ya chini saa nyingine, ili anayeongeza mzigo wakati mgumu alipie mzigo huo, na anayeweza kuahirisha safari apate sababu ya kuahirisha. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, na akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa. Treni za chini ya ardhi za mji huo hazikuufuata ushauri wake, lakini reli za vitongoji vinavyouzunguka, Long Island Rail Road na Metro-North, zina tiketi za saa za msongamano na za saa za nafuu. London nayo hutoza zaidi, siku za kazi, kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku.

Wengine walichagua kupunguza badala ya kuongeza. Melbourne, nchini Australia, tangu mwaka 2008 huwasafirisha bure kwa treni wanaomaliza safari asubuhi na mapema kabla ya saa iliyowekwa. Singapore ilianza mwaka 2013 kuwasamehe nauli wale wanaoshuka katikati ya mji kabla ya saa 1:45 asubuhi. Waliohamia saa hizo walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, na mwishoni mwa 2017 mpango huo uligeuzwa kuwa punguzo kwa wanaoingia kituoni mapema. Japani, ambako njia ya Tozai ya Tokyo iliwahi kupimwa msongamano wa asilimia 199 ya uwezo wake asubuhi, kampuni ya JR East ilianza Machi 2023 kuuza pasi ya saa zisizo na msongamano kwa bei iliyo chini ya pasi ya kawaida kwa takriban asilimia 10.

Nilipoyafuatilia haya, lililonigusa zaidi ni la Uskoti, kwa sababu linajibu swali ambalo abiria wa Tengeru angeuliza kwanza: vipi kwa mtu asiye na uchaguzi? Huko, tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Edinburgh na Glasgow ilikuwa pauni 32.60 saa za msongamano na pauni 16.80 saa nyingine. Mwuguzi anayetakiwa kuwepo zamu ya asubuhi hakuwa na uwezo wa kuchagua saa ya nafuu. Alilipa maradufu kwa sababu tu mwajiri wake alipanga saa. Serikali ya huko iliziondoa nauli hizo kwa majaribio kuanzia Oktoba 2023, ikazirudisha Septemba 2024 kwa hoja kwamba abiria hawakuongezeka vya kutosha, kisha ikazifuta kabisa tarehe 1 Septemba 2025. Linganisha na jioni yetu: 700 dhidi ya 1,300 ni karibu uwiano uleule. Tofauti ni kwamba abiria wa Glasgow aliijua bei yake kabla ya kutoka nyumbani, aliijadili na wawakilishi wake, na hatimaye ikafutwa kwa tarehe inayojulikana. Sisi yetu haiwezi kufutwa kwa kuwa rasmi haipo.

Wapo watakaosema basi tuihalalishe: LATRA iweke nauli ya jioni, tuseme 900 hadi Tengeru, dereva apate sababu ya kufika mwisho, na abiria aache kulipa 1,300 kwa vipande. Hoja hiyo nimeitafakari kwa muda mrefu, na ina uzito, kwa sababu inafidia ule upande mtupu wa kurudi. Bado siikubali. Saa ya msongamano ya Arusha haipangwi na abiria, inapangwa na kengele ya shule, na geti la ofisi, na giza linalomtaka mwenye genge afunge. Kumwongezea nauli mtu asiyeweza kubadilisha saa hakumtoi barabarani. Kunamtoa fedha tu. Tena nauli ikishapanda jioni, hakuna cha kumzuia konda kukatisha ruti juu ya nauli hiyo mpya.

Ambalo ningependa kuliona likijaribiwa ni jambo ambalo reli za mijini hulifanya kila siku: treni za njia fupi, zinazotoka katikati ya mji na kugeuzia kituo cha kati, zikijulikana wazi kwamba zinaishia hapo, huku treni za njia ndefu zikiachiwa abiria wa mbali. Abiria wa Kimandolu na Ngulelo ni wengi na wana haki ya gari lao. Wakipewa magari yenye leseni ya njia fupi, yenye maandishi yake mbele na mstari wake wa rangi ubavuni, gari la Tengeru litabaki la Tengeru, na yeyote atakayegeuzia Ngulelo akiwa na maandishi ya Tengeru ataonekana mara moja na askari, na abiria, na madereva wenzake. Leo yote yana maandishi yaleyale, na ndiyo maana mwongo na mkweli hawatofautiani kwa mbali. Pia magari makubwa kidogo, kama Coaster, yangefaa kwa saa hizo. Haisi ni gari zuri la mchana, lakini kuisimamisha kituo cha Philips saa 11:30 jioni ni kama kuchota maji ya mto kwa kijiko.

Wengine huuliza kwa nini tusitumie reli yenyewe, kwa kuwa stesheni ya Arusha ipo tangu njia ilipofikishwa hapa kutoka Moshi mwaka 1929, na treni za abiria zilirejea mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya ukimya. Treni hiyo ni ya masafa marefu, ya kwenda Dar es Salaam, na inapita siku chache kwa wiki. Haiwezi kumpeleka mtu kazini. Dar es Salaam kwenyewe, treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo wananchi waliipa jina la Mwakyembe kutokana na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliendeshwa hasa asubuhi na jioni, kwa sababu ndizo saa zenye watu. Iliweza kupumzika mchana kwa kuwa hakukuwa na hesabu ya kumpelekea mwenye gari. Daladala haina anasa hiyo, na anayetaka kuirekebisha lazima aanzie kwenye hesabu: mwenye gari akikubali kupokea kwa safari zilizofika mwisho badala ya kiasi kimoja cha siku, nusu ya kukatisha ruti itakwisha yenyewe. Nawasihi wenye magari ya njia hii walifikirie hilo kwa uzito. Jioni, kwa hali ilivyo leo, natoa nyota moja na nusu. Hiyo nusu ni ya madereva wachache, na wapo, wanaofika Tengeru kila safari na wanaowapakia wanafunzi bila kuwabagua. Abiria huwajua kwa sura, na huwasubiri.

Kwa atakayeitumia njia hii, yako mambo machache ya kuzingatia. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, na siku hizo mchana hauna utulivu niliousifu hapo juu: magari ya kutoka Tengeru kuja mjini hubeba ndizi, nyanya na mikungu juu ya miguu ya abiria kuanzia saa 4 asubuhi, na anayetaka safari ya starehe achague siku nyingine. Mvua za masika zikianza, saa ya msongamano ya jioni huanza mapema, kwa kuwa waliozoea kwenda kwa bodaboda wote huhamia kwenye haisi. Anayeweza kuondoka mjini kabla ya saa 9:30 alasiri, ofisi za serikali zinapofungwa, aondoke. Asiyeweza, na awe anakwenda Tengeru au mbele yake, apendelee gari la Usa River kuliko la Tengeru hata kama limejaa zaidi, kwa sababu dereva mwenye abiria wa Patandi na Makumira ndani ana watu wengi wa kugombana nao akitaka kugeuza. Kabla ya kukanyaga ngazi muulize konda, kwa sauti ambayo wengine watasikia, "Kaka, unafika Tengeru au unakatisha?" na umsubiri ajibu. Nauli uishike mkononi, umpe gari likishapita Ngulelo. Konda akiidai mapema mwambie kwa heshima kwamba utalipa mbele, na abiria wengine wa Tengeru watakuunga mkono, maana nao walishawahi kushushwa pale.